Kilowati 9 kwa chumba cha mita za ujazo 7 na nusu: kisa cha sauna moja ya Tampere

Simu ilikuja Jumapili usiku, mwanzoni mwa Februari 2024. Jamaa yangu, mtu wa Tanga aliyeoa huku Finland na kununua nyumba viungani mwa Tampere, hakupoteza muda kwa salamu. "Fundi, kiuas chetu kimekufa. Nimeona kingine dukani, kilowati 9, mnara mzima wa mawe. Nichukue?" Nikamwambia chukua. Hapo ndipo lilipofanyika kosa la kwanza la kisa hiki, na ni langu. Nilijibu nikiwa nimejilaza kwenye kochi, sijauliza chumba kina ukubwa gani, wala ubao wa umeme una fyuzi za ampea ngapi. Bahati njema duka lilikuwa limeshafungwa.

Kwa asiyejua, kiuas ni lile jiko la sauna, sanduku la chuma lenye mawe, ambalo Wafini hulimwagia maji ili litoe löyly, yaani ule mvuke unaopanda ghafla na kukushukia mabegani. Neno lenyewe limetukaa vizuri sisi Waswahili. Tumeliingiza kwenye ngeli ya KI-VI bila kumwomba mtu ruhusa: kiuas kimoja, viuas viwili. Nchi hii ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kuzidi milioni 3, na Desemba 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wa sauna wa Finland kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Kwa hiyo mtu wa huku akikwambia kiuas kimekufa, usimwambie avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Wenzetu nyumbani wakiona picha husema, aa, kumbe ni kujifukiza. Hapana. Kwenye nyungu unajifunika blanketi na mvuke unakuja wote usoni. Sauna ni chumba kikavu chenye joto la nyuzi 70 hadi 90, na maji huja kidogo kidogo, kata baada ya kata. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue kiuas gani, maana kiuas kina kazi mbili kwa wakati mmoja: kupasha hewa na kuta, na kupasha mawe. Kiuas kibaya ni kile kinachomaliza kazi moja wakati nyingine bado iko nusu.

Niliyoyakuta

Nilifika Jumatano jioni, nje nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyumba ni ya safu, zile wanazoziita rivitalo, ya mwaka 1987, jirani kushoto na jirani kulia. Sauna iko nyuma ya bafu. Nikatoa futi kamba: upana mita 1.8, urefu mita 2.0, kimo mita 2.1. Ujazo wake mita za ujazo 7.56. Namba hiyo ishikwe, maana tutairudia.

Kuta zote ni za mbao. Nikafungua ubao mmoja karibu na mlango, nikakuta karatasi ya alumini imeunganishwa kwa utepe kama inavyotakiwa, na nyuma yake sufi ya kuhami joto. Hapo nikafurahi. Kuna sauna nyingi za zamani ambazo ukibandua ubao unakutana na zege tupu, na zege hilo linakula joto kama mbuzi kwenye shamba la mahindi.

Kiuas kilikuwa cha ukutani, kilowati 6, umri wake kama miaka 18. Malalamiko ya nyumba yalikuwa kwamba zamani sauna iliiva kwa dakika 40, sasa ni saa moja na nusu na mvuke bado ni wa kubembeleza. Jamaa alishafikia hukumu yake: kiuas ni kidogo, kinatakiwa kikubwa.

Nikazima breka, nikahakikisha umeme haupo, nikaanza kutoa mawe moja moja na kuyaweka kwenye karai. Ya juu yalikuwa mazima. Ya katikati yakaanza kumeguka mkononi kama udongo mkavu. Chini kabisa hayakuwa mawe tena, ilikuwa changarawe na mchanga mweusi uliojaa katikati ya elementi, yale mabomba membamba yanayopashwa na umeme, mpaka kidole hakipiti. Nikauliza mara ya mwisho mawe yalipangwa upya lini. Jamaa akamtazama mkewe, mkewe akamtazama baba yake, na mzee akatazama dari.

Ndani mna elementi tatu, kila moja wati 2,000 kwa volti 230. Hesabu ya fundi yeyote itakwambia elementi kama hiyo inatakiwa kusoma omu 26 na ushee, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Nikaweka mita kwenye ya kwanza: 26.8. Ya pili: 27. Ya tatu, mita ikaonyesha hakuna njia kabisa. Imekatika. Kumbe wamekuwa wakioga kwa kilowati 4, na hizo 4 zinapasha mchanga badala ya hewa.

Mawe yakisagika, mchanga huziba njia za hewa kati ya elementi. Elementi hutegemea hewa inayopanda katikati ya mawe kuondoa joto lake. Ikikosa hewa, yenyewe inapita kiwango, inapinda, mwisho inakatika. Mawe yanasagika kwa sababu kila kata ya maji ni pigo la baridi juu ya kitu chenye joto la mamia ya nyuzi. Hakuna jiwe la kudumu milele. Ndiyo maana watu hutumia mawe yenye madini ya olivini, meusi, mazito, yanayovumilia mapigo hayo kwa muda, na hata hayo hupangwa upya walau mara moja kwa mwaka na yaliyochoka kutupwa. Jiwe zuri la ufukweni ulilolipenda kwa rangi liache hapo hapo lilipo. Mengine hupasuka yakipata moto.

Kwa hiyo kiuas hakikuwa kidogo. Kilikuwa kimefiwa na theluthi ya nguvu zake. Nikamwambia jamaa ukweli ambao fundi mwenye njaa hapendi kuusema: njia rahisi kuliko zote ni elementi mpya na mawe mapya, basi. Tukajaribu. Elementi za aina ile hazipatikani tena, sanduku lenyewe limeshaliwa na kutu upande wa chini, na termostati, yaani kidhibiti joto, ilikuwa inakata inapojisikia. Tukakubaliana kizikwe.

Kulikuwa na mawili mengine ambayo hayakuhusu kiuas lakini yangekiua hata kipya. La kwanza ni kebo inayotoka kwenye kisanduku cha ukutani kwenda kwenye kiuas. Aliyekifunga aliweka kebo yenye gamba la plastiki la kawaida. Nilipoipinda kidogo, gamba likakatika kama biskuti. Hapo huwekwa kebo ya mpira, ile yenye alama H07RN-F, kwa sababu plastiki ikikaa karibu na joto miaka mingi hukauka na kuacha waya wazi. Sijui nani aliifunga, na hata ningejua nisingemtaja.

La pili ni tundu la kuingizia hewa safi, lililoko juu ya kiuas. Nikaingiza tochi, nikaona rangi ya bluu. Nikavuta. Soksi ya mtoto, na nyuma yake kipande cha sponji. "Hewa baridi ilikuwa inaingia," jamaa akajitetea. Ndiyo kazi yake hiyo, ndugu yangu. Hewa ya sauna inatakiwa kubadilika kama mara 6 kwa saa. Safi inaingia juu ya kiuas, inachanganyika na joto linalopanda, inazunguka, na iliyochoka inatoka chini ya mabenchi upande wa pili. Ukiziba, kichwa kinauma, watoto wanataka kutoka baada ya dakika tano, nawe unasema kiuas ni kibaya.

Ukuta wa kioo

Sasa tukae kwenye kiini cha ubishi. Jamaa hakuwa na hamu ya kiuas kikubwa peke yake. Alikuwa na mpango mzima: kubomoa ukuta wa mbao kati ya bafu na sauna, kuweka kioo kutoka sakafu mpaka dari, na nyuma ya kioo usimame ule mnara wa mawe wenye taa. Aliniletea picha kwenye simu. Ni pazuri kweli, siwezi kusema uongo.

Kanuni ya kuchagua nguvu za kiuas cha umeme ni nyepesi kuliko watu wanavyoifanya. Chumba kilichohamiwa vizuri kinahitaji takribani kilowati 1 kwa kila mita ya ujazo. Halafu kila mita ya mraba ya uso usiohamiwa, kama kioo, vigae au zege, unaiongezea mita 1.2 za ujazo kwenye hesabu, kana kwamba chumba kimekua. Ukuta wa magogo una kanuni yake: ujazo wote unazidishwa kwa 1.5, kwa sababu magogo hupata joto polepole. Kisha unakwenda kwenye jedwali la mtengenezaji, maana kila kiuas kina kiwango chake cha chini na cha juu, na hicho cha chini watu hukiruka kama hakijaandikwa.

Chumba cha jamaa kama kilivyo ni mita 7.56. Kiuas cha kilowati 6.8 tulichokuja kukitazama kimeandikiwa mita 6 hadi 10. Kimekaa katikati.

Akiweka ukuta wa kioo: mita 1.8 mara 2.1 ni mita za mraba 3.78. Zidisha kwa 1.2, unapata 4.5. Jumla mita 12.1. Hapo kilowati 6.8 haitoshi tena, na ile 9 aliyoiona dukani, yenye kiwango cha mita 8 hadi 14, inakuwa ndiyo sahihi kabisa. Kwa maneno mengine jibu langu la kwenye kochi lilikuwa sahihi kwa chumba ambacho bado hakipo, na baya kwa chumba kilichopo.

"Basi si nichukue 9 hata bila kioo, ikibaki nguvu ibaki?" akauliza. Swali hili huulizwa na kila mtu, na linastahili jibu kamili. Kwenye maji moto au jiko la kupikia, nguvu ya ziada haina ubaya. Kwenye sauna ina ubaya. Kiuas kikubwa kupita chumba hupasha hewa haraka mno. Sensa inaona nyuzi 80, inaamuru elementi zipumzike, na mawe bado hayajaiva. Unaingia, joto lipo, unamwaga kata moja, inalia "pss" ya kinyonge na maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Kipimajoto kinasema sauna iko tayari, mawe yanakataa. Kiuas kidogo kupita chumba nacho kina ugonjwa wake: elementi zinafanya kazi bila kupumzika, chumba kinachukua saa mbili, na elementi zinachakaa kabla ya wakati.

Na bado hatujagusa waya.

Ubao wa umeme ndio ulioamua

Nyumba za safu za umri ule mara nyingi zina fyuzi kuu za ampea 25 kwa kila fezi, fezi tatu. Hii nayo ni hivyo hivyo, tena inapashwa joto kwa umeme. Sakiti ya sauna ina breka ya 3×10, yaani ampea 10 kwa kila fezi, na kebo ya milimita za mraba 1.5 iliyopita ndani ya dari na ukuta.

Kilowati 6 kwenye fezi tatu za volti 400 ni ampea 8.7 kwa kila fezi. Kilowati 6.8 ni ampea 9.8. Inaingia kwenye breka ya 10 na kebo ile ile, ndiyo maana jedwali la mtengenezaji linairuhusu hapo. Kilowati 9 ni ampea 13. Hiyo inataka breka ya 16 na kebo ya 2.5, yaani kufungua dari ya korido, kupita nyuma ya kabati la jikoni, kutoboa upya. Kubadilisha breka peke yake na kuacha kebo ya zamani ni ujinga ambao huku haufanyiki na mwenye leseni, na asiye na leseni haruhusiwi kugusa kabisa. Kazi ya kufunga kiuas moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba ni ya kampuni iliyosajiliwa kwa Tukes, mamlaka ya usalama. Mimi nafanya chini ya leseni ya mwajiri wangu, na hata kwa ndugu nafanya kwa karatasi.

Nikamwonyesha pia relei ndogo pembeni ya ubao ambayo hakuwahi kujua kazi yake. Wafini wana neno refu kwa hiyo, kiuasvuorottelu: kiuas kikiwaka, baadhi ya hita za vyumba zinazimwa kwa zamu ili fyuzi kuu zisizidiwe. Ina maana mbili kwa mnunuzi. Kwanza, kiuas kipya lazima kiwe na terminali ya kupeleka ishara hiyo, na siyo kila kiuas cha bei rahisi kinayo. Pili, kadiri sauna inavyochelewa kuiva ndivyo vyumba vya kulala vinavyopoa. Shemeji, mke wa jamaa, akasema, "Ndiyo maana!" Miezi mingi alikuwa akishangaa kwa nini siku za sauna chumba cha watoto kina baridi. Saa moja na nusu ya kungoja kiuas kigonjwa, ukiongeza saa ya kuoga, hita zimelala zote hizo.

Kioo kikafa hapo. Siyo kwa sababu yangu. Mwenyewe alipiga hesabu ya kioo, kebo mpya, dari, na ile taarifa ya matengenezo inayotakiwa kupelekwa kwenye kampuni ya wenye nyumba kabla ya kubomoa chochote, akavuta pumzi, akasema labda mlango wa kioo. Mlango wa kioo ni mita za mraba 1.3 hivi, unaongeza mita 1.6. Jumla mita 9.2. Bado tuko ndani ya 10. Tukaafikiana.

Mawe kiasi gani

Nguvu imeshapatikana, 6.8. Lakini kilowati 6.8 zinauzwa zikiwa na mawe kilo 20 na zinauzwa zikiwa na mawe kilo 90, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Hapa nikaacha kupima kuta nikaanza kuuliza watu.

Nyumba ina watu wanne, watoto wa miaka 5 na 8. Wanaoga Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi mzee, baba yake shemeji, miaka 74, anakuja. Jamaa anataka joto kali na mnara. Shemeji anataka löyly laini, ya kukaa. Watoto wanataka kumwaga maji wao. Mzee hakusema anachotaka, akaniuliza mimi mawe ni kilo ngapi. Nikajua ndiye wa kuzungumza naye.

Chukua kata moja ya maji, desilita 2. Kuyafikisha kwenye mchemko na kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilojuli 500 na kidogo. Mawe ya kilo 20 yakiitoa yote, wastani wake unashuka karibu nyuzi 30 kwa kata moja. Mawe ya kilo 50 yanashuka nyuzi 12. Ya kilo 90, nyuzi 7. Kwa hiyo kwenye kiuas cha mawe machache, kata ya nne inakuta mawe yameshachoka na maji yanadondokea elementi zenyewe. Mvuke wa hapo ni mkali, mfupi, unachoma masikio kisha unapotea. Mawe mengi hutoa mvuke mpole unaopanda polepole. Shemeji alikuwa anaomba mawe bila kujua.

Lakini mawe hayapashwi bure. Kuyatoa kilo 90 kwenye joto la chumba mpaka nyuzi 250 kunameza karibu uniti 4.8 za umeme. Kilo 50 zinameza 2.7. Kwa familia inayowasha mara mbili kwa wiki na kuoga saa moja, mnara wa kilo 90 ni kupasha ghala kwa ajili ya kikapu kimoja. Mnara ni wa watu wanaokaa humo saa tatu, wanatoka wanakaa barazani, wanarudi. Nina wateja wa namna hiyo. Hawana watoto wadogo.

Kisha kuna miguu. Wafini wana kanuni ya zamani kwamba miguu ya anayeoga iwe juu ya usawa wa mawe, kwa kuwa mvuke unapanda kutoka kwenye mawe na chini ya hapo ni ubaridi mtupu. Dari ni mita 2.1, benchi la juu liko sentimita 95, la kuwekea miguu liko 45. Mnara wa sentimita 90 na zaidi ungeacha miguu ya kila mtu kwenye ubaridi. Kiuas kifupi chenye uso wa mawe kwenye sentimita 65 hivi kinapunguza tatizo, ingawa hakilimalizi. Mzee akainuka, akaingia saunani na suruali yake, akakaa benchi la juu na kupandisha miguu juu yake kama mtu wa barazani Tanga. "Hivi," akasema. Tukachukua kifupi, kilo 50.

Jamaa akaomba kitu kimoja tu cha kumfariji: kiuas cha kuwashwa kwa simu. Nyumba yao ilikuwa kwenye mkataba wa bei ya soko, ambapo wakati huo bei ya umeme ilikuwa ikibadilika kila saa. Walikuwa hawajaisahau Ijumaa ya tarehe 5 Januari 2024, jioni ambayo bei ilipita euro 2 kwa uniti, wakati siku za kawaida ni senti chache. Sauna moja ya uniti 9 hivi jioni ile ingekula bei ya chakula cha mchana cha watu wawili hotelini. Kwa hiyo kupanga saa ya kuwasha kuna maana.

Nikafungua mlango wa sauna tena. Kwenye benchi, na kwenye kamba iliyofungwa juu ya kiuas, zilikuwa zimeanikwa nguo za kuogelea za watoto na taulo mbili. Kiuas cha kuwashwa ukiwa mbali lazima kiwe na kinga inayokizuia kuwaka kama mlango ulifunguliwa baada ya kukiweka tayari, au kama kuna kitu juu ya mawe. Kinga ipo, inafungwa, inafanya kazi. Ila kwenye nyumba ambayo sauna ni kamba ya kuanikia siku tano za wiki, mimi sitaki hata kujaribu. Taulo juu ya kiuas ni chanzo cha moto kinachojulikana na kila zimamoto wa nchi hii. Tukachukua saa ya kuzungusha kwa mkono: inaweza kuchelewesha kuwaka kwa muda usiozidi saa 8, na ikishawaka inajizima yenyewe baada ya saa 4. Anayeizungusha amesimama pale pale, anaona taulo. Kamba niliikata siku ile ile, nikaahidiwa haitarudi.

Baada ya kufunga

Kazi yenyewe ilichukua nusu siku. Mawe niliyaosha kwenye beseni mpaka maji yakatoka meupe, nikapanga makubwa chini, madogo juu, bila kuyabana kati ya elementi. Yasikae kama ukuta wa mwashi, hewa ipite. Jamaa alitaka kuongeza kichuguu cha mawe juu ili paonekane pazuri, nikakataa. Niliwaambia mara ya kwanza wakiwashe bila mtu ndani, madirisha wazi, maana mafuta ya kiwandani lazima yaungue kwanza na harufu yake si ya kuvuta.

Jumamosi ya kwanza nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Dakika 50, nyuzi 75 kwenye usawa wa benchi la juu. Mawe nayo yameiva, kata ya sita bado inalia vizuri. Tundu la hewa liko wazi. Lililobaki ni miguu: watoto wakikaa vizuri nyayo zao bado ziko kwenye ubaridi. Wiki ya pili mzee alikuja na mbao za mti wa mwaspeni, misumeno yake na penseli sikioni, akainua benchi la miguu kutoka sentimita 45 hadi 60. Hakumuuliza mtu.

Kiuas cha zamani kilikaa barazani kwenye theluji kwa mwezi mzima. Nilidhani kinangoja gari la vyuma chakavu. Machi jamaa akanipigia, safari hii na salamu kamili, za nyumbani na za watoto, nikajua kuna ombi. Ana kaka yake Lushoto, kule kwenye baridi ya Usambara, anajenga nyumba ya wageni, na amesikia kuna kiuas hakina kazi.

"Elementi mbili si nzima?" akasema.

Nikamwuliza chumba cha huyo kaka kina ukubwa gani, kuta ni za nini, na mita yake ya LUKU ni ya fezi moja au tatu.

"Ngoja nimuulize," akasema. Bado nangoja.